Sema Wewe

Mke wa Fundi aliitwa Redio. Wazazi wake walimpa jina lingine, lakini majirani ndio walioshinda, naye hakukasirika. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kibarazani, na mtu yeyote aliyepita pale, awe na kitambaa au mikono mitupu, aliondoka na habari. Aliongea huku amebana pini midomoni. Watu waliapa kwamba iko siku atameza moja. Hakumeza hata moja.

Fundi mwenyewe maneno yalikuwa hayamtoki. Kazi yake ilikuwa kuvuta waya. Ujanani alivuta nyaya za umeme. Kompyuta zilipoingia maofisini akahamia nyaya za mtandao. Shule hakukaa sana. Alipanda darini upande huu, akatambaa kwenye giza na vumbi, akashuka upande ule ameshika ncha ya waya. Mkewe alisema ni huko darini alikojifunzia kunyamaza, maana ukifungua mdomo unakula vumbi.

"Mwenzenu nimeolewa na ukuta," aliwaambia wateja. "Ila ukuta mzuri. Hauvuji."

Wateja walivunjika mbavu. Fundi naye alicheka kwa pua, akaendelea na chai yake.

Waliishi hivyo. Mmoja anasema, mmoja anasikia. Mara moja moja Fundi naye alikuwa na lake la kusema, na kila alipolianza lilikutana njiani na la mkewe. Wote wawili wakanyamaza. Kisha wote wawili wakaanza tena, kwa pamoja.

"Haya, sema wewe," Fundi alisema mwishowe.

"Hapana, sema wewe. Ulikuwa unasema nini?"

"Nimesahau."

Hakuwa amesahau. Alipenda tu kumsikiliza. Sauti ya mkewe na sauti ya cherehani, hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yake.

"Siku moja utanipa wewe habari," Redio alimwambia. "Hata ya uongo, baba watoto. Nikae kimya mimi, nisikilize."

"Utaweza kukaa kimya?"

"Nijaribu uone."

Binti yao aliolewa mbali. Wakabaki wawili. Ndipo kifua kikaanza.

Kilianza kama mafua, kikakaa. Redio akaanza kukata maneno katikati ili avute pumzi, na hapo Fundi akashtuka, kwa sababu mkewe hakuwahi kukatisha neno tangu amjue. Hospitali wakampiga picha ya kifua. Wakaitazama, wakatazamana. Wakampeleka wodi ya nyuma, wodi ya waliotengwa. Ugonjwa wenyewe wa kuambukiza, na ulikuwa umeshakula sana. Ndugu haingii. Mume haingii. Waliagana mlangoni, mwuguzi mwenye barakoa katikati yao.

"Cherehani uifunike," Redio akasema. "Na gauni la mjukuu limebaki mkono mmoja. Usiliguse. Nitakuja kumalizia."

"Sawa."

"Sawa tu? Hata pole hunipi?"

"Pole, mama."

Mlango ukafungwa.

Wodi ile Fundi aliijua, maana hospitali hiyo ndiyo iliyomwajiri. Zamani lilikuwa jengo la kupigia picha za mifupa, kuta zake nene, na simu za kawaida hazikushika humo. Yeye mwenyewe ndiye aliyewavutia waya wa mtandao. Alifunga kisanduku cha waifai darini, pale wodi inapopakana na ukumbi wa wageni, kihudumie pande zote mbili. Vilitakiwa viwe viwili. Cha pili kitaletwa, walimwambia. Wewe toboa tundu kabisa, uache waya tayari. Alitoboa. Akaukunja ule waya, akauacha unaning'inia katikati ya dari ya wodi kama mkia wa mnyama aliyejificha humo. Kisanduku hakikuletwa. Hospitali ina mahitaji mengi, na Fundi naye hakukifikiria tena, mpaka mkewe alipolazwa chini ya mkia huo.

Sasa duniani alitaka jambo moja tu. Aongee na mkewe, na maneno yafike.

Saa ya wageni ilikuwa alasiri. Ndugu walikaa kwenye mabenchi ya ukumbi, wagonjwa wamelala upande wa pili wa ukuta, kila mtu na simu yake. Kengele ikilia, wote wanapiga mara moja. Wengine walitaka na picha, wamwone mgonjwa uso kwa uso. Ukumbi ukajaa kelele kama mnada.

"Umekula?" Fundi akauliza.

"Nime... le... nda... bwa."

"Nini?"

"Nimese... nda..."

"Sikusikii, mama."

"...funika?"

Ile alielewa. "Nimeifunika," akasema. Lakini jibu halikumfikia, kwa sababu mkewe aliuliza tena, na tena, kila mara kipande. Fundi akajikuta anapiga kelele, mtu ambaye jirani zake hawakuwahi kuisikia sauti yake ikipita dirishani.

Kwenye benchi la pili alikaa dereva wa lori, mwanamume mnene mwenye sauti ya honi. Mama yake ndiye aliyelazwa. Yeye alisimama kabisa ili apate nguvu ya kupaza.

"Mama! Haloo! MAMA! Ni mimi!"

"Mama yako si kiziwi, kaka," mtu mmoja akamwambia.

"Najua. Mtandao ndio kiziwi."

Kisha Dereva akamwona Fundi, amevaa koti lake la kazi lenye jina la hospitali mgongoni. "Aa! Mzee! Si wewe fundi wa hapa? Umekaa nasi hapa unahangaika nini? Tengeneza basi!"

Watu wote wakamgeukia. Fundi akatazama dari.

Asubuhi yake alimfuata Injinia. Huyu alikuwa binti mdogo kwa umri, mkuu wake kwa kazi, mwenye heshima, anamwita mzee. Alimpa kiti.

"Si kwamba kimeharibika, mzee," Injinia akamweleza. "Kisanduku kizima. Tatizo hewa ni moja na simu ni nyingi. Zote zinapita njia hiyohiyo. Zikisema mbili kwa wakati mmoja, maneno yanagongana, yanaharibika yote mawili. Basi kila moja inanyamaza kwanza, inangoja, inajaribu tena."

"Zinangoja muda gani?"

"Hapo ndipo penyewe. Zikingoja sawasawa, zitaanza tena pamoja, zigongane tena. Kwa hiyo kila moja inabahatisha. Hii ingoje kidogo, ile ingoje zaidi kidogo. Zikigongana tena, zinaongeza kungoja. Sasa fikiria ukumbi mzima unagongana."

Fundi alifikiria. Akamkumbuka mkewe kibarazani. Sema wewe. Hapana, sema wewe. Akacheka kwa pua.

"Nini, mzee?"

"Si kitu. Endelea, mwanangu."

"Na sauti ndiyo inaumia kuliko vyote. Barua ikichelewa, utaisoma ikifika. Sauti ikichelewa haina kazi tena, maneno ya mbele yameshapita. Inatupwa. Ndiyo yale mapengo unayosikia."

"Inatupwa wapi?"

Injinia akamtazama. "Haitupwi mahali, mzee. Inafutika tu."

Fundi akauliza kuhusu kisanduku cha pili. Injinia alisema ameomba, ameambiwa angoje, ameomba tena. Na hata kingekuwepo, nani angeingia wodini kukifunga, na wagonjwa wamelala humo?

"Mimi," Fundi akasema.

"Wewe hawakuruhusu hata kumsalimia mkeo."

Ni kweli. Fundi akainuka. Alipofika mlangoni Injinia akamwita. "Mzee. Kuna dawa moja haihitaji kisanduku. Kuna mitandao ilitengenezwa hivyo tangu mwanzo. Hasemi mtu mpaka apewe ruhusa, akimaliza anampa mwenzake, kama kijiti cha wakimbiaji. Hakuna kugongana. Ila hapo ni watu wenyewe wakubali kuzima simu."

Neno hilo Fundi alilipeleka kwa Sista, msimamizi wa wodi. Sista alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, asiyepoteza neno. Alimsikiliza akiwa amesimama. Alasiri ile aliingia ukumbini na kitambaa chekundu cha kufungia dawa.

"Sikilizeni. Kuanzia leo, mwenye kitambaa ndiye mwenye simu. Wengine mmezima. Mgonjwa wake naye ndiye amewasha. Nikigonga dirisha, unampa mwenzako. Atakayebisha nitamtoa nje, na simu yake nitaila."

"Tunaanza wapi?" Dereva akauliza. "Maana mama yangu mtu mzima..."

"Wote humu wana mama, au mke, au mtoto. Tunafuata vitanda."

Watu walinung'unika. Walisema zamu ni fupi, walisema wanafanywa watoto wa shule. Lakini mwanamke wa kwanza alipopokea kitambaa, akapiga, ukumbi mzima ulimsikia mtoto wake upande wa pili akisema, "Mama, leo nimeoga mwenyewe." Safi kabisa. Kila neno. Yule mama akafunga macho. Manung'uniko yakafia hapohapo.

Zamu ya Fundi ilipofika, alikishika kile kitambaa kama kitu cha moto.

"Mama watoto."

"Ee! Nakusikia!" Redio akasema. "Kumbe bado una sauti! Sikiliza, huu uchafu ulioniachia juu ya kitanda ni wa nini? Waya unaning'inia kama ngedere amekufa humo juu."

"Ni wa kisanduku cha pili."

"Kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Basi nitakufa ninautazama," akasema, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Fundi alikisikia chote. Zamani mtandao ungemficha baadhi.

Wakapata siku nzuri. Fundi baadaye aliziita hivyo, siku nzuri, ingawa kila siku mkewe alikuwa anapungua. Mara moja zamu ziliharibika. Maneno yakaanza kukatika tena, watu wakatazamana kwa ubaya. Sista akapita benchi kwa benchi mpaka akafika kwa Dereva, aliyekuwa ameficha simu chini ya kofia.

"Unatazama nini?"

"Mpira, Sista. Kipande kidogo tu."

"Zima. Humo ndani mtu anabania pumzi yake aongee na mumewe, wewe unaitapanya kwenye mpira."

Dereva akazima. Akamgeukia Fundi, uso umemshuka. "Nisamehe, mzee. Nilidhani kuangalia siyo kusema." Na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa askari wa zamu, akikagua hadi mifuko ya watu.

Simu ilibaki na kasoro moja. Neno lilichelewa kidogo kufika, kiasi cha kumeza mate. Kwa watu wengine si kitu. Lakini Fundi na mkewe walikuwa na ugonjwa wao wa zamani. Mmoja akinyamaza, mwingine anadhani amemaliza, wanaanza pamoja, wanagongana.

"Sema wewe."

"Hapana, sema..."

"Haya basi mimi..."

"Nilikuwa..."

Redio akacheka mpaka akahema. "Baba watoto, tutamaliza zamu tunapishana mlangoni. Tuweke sheria. Tukigongana, wewe unyamaze, mimi naanza. Mimi ndiye Redio."

"Sawa."

"Usinijibu sawa. Kubali kama mtu."

"Nimekubali, mama."

Sheria ikafanya kazi. Fundi aliishika kama alivyoshika kila alichoambiwa na mwanamke yule.

Picha walizima. Fundi alidhani ni kuupunguzia mtandao mzigo, mpaka siku moja Redio akasema mwenyewe. "Sitaki unione. Nimebaki kama nguo kwenye kamba. Nikumbuke nikiwa nimeijaza." Jibu lilimjia Fundi nyumbani, akiwa amekaa peke yake na sahani, na hapo hakukuwa na wa kumpa.

Maneno ya Redio yakawa machache. Pumzi ilikuwa ndogo. Zamani aliuliza na kujijibu. Sasa aliuliza, akangoja. "Niambie kitu," alisema. "Chochote. Nicheke kidogo." Na Fundi, mtu aliyetoboa kuta za jiji zima, hakuwa na kitu. Alimwambia mvua imenyesha. Alimwambia paka wa jirani amezaa. Redio alisema ee, ee, kwa upole, kama mtu anayeshukuru chakula kisicho na chumvi.

Ndipo Fundi akapata wazo.

Alilifunua lile gauni la mjukuu. Lilikuwa limekunjwa juu ya cherehani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umekatwa tayari, umechomekwa pini. Usiliguse, alimwambia. Akaligusa. Alitunga uzi asubuhi nzima. Tundu la sindano lilimcheka. Alikanyaga, mashine ikarudi nyuma. Alikanyaga tena, ikakimbia kama mbuzi. Vidole vilivyojua kila rangi ya waya havikujua kitambaa kinapogeuka. Alipomaliza akalinyanyua gauni juu, akalitazama.

Mkono ulikuwa umetazama nyuma. Kabisa. Mtoto atakayelivaa ingebidi atembee huku anajikuna mgongo.

Fundi akacheka. Alicheka kwa mdomo wazi, peke yake kibarazani, mpaka jirani akachungulia. Hii sasa ndiyo habari. Kesho atampa. Atamwambia hatua kwa hatua, uzi, mashine, mbuzi, mkono. Usiku alijilaza anaipanga, hapa nitatua kidogo, hapa nitamwacha aulize. Hakuwahi kupanga maneno maishani mwake. Alijua jinsi mkewe atakavyosema: niliwaambia mimi nimeolewa na ukuta, sasa ukuta unashona.

Alasiri yake alifika mapema kabla ya wote. Kengele ikalia. Kitambaa kikazunguka kitanda kwa kitanda. Ukumbi ulikuwa kimya. Watu walikuwa wameshazoea, wamezima, wameinamisha vichwa. Dereva alisimama mlangoni anakagua. Mtandao haukuwahi kuwa safi vile. Kitambaa kikafika.

Alipiga. Ikaita. Ikapokelewa. Akasikia pumzi.

"Mama, nimesho..."

"Ile..."

Wakagongana.

Wote wawili wakanyamaza.

Fundi akafunga mdomo mara moja. Sheria. Tukigongana wewe unyamaze, mimi naanza. Akaubana mkono wa gauni ndani ya mfuko wa koti, maana alikuja nalo, ingawa picha walikuwa wamezima. Akangoja mkewe amalizie. Ile nini? Ile cherehani, ile nyumba, ile siku gani? Angoje tu, atasema. Ataanza yeye, kisha mimi.

Hakuanza.

Fundi alisikia kila kitu. Mashine ya hewa ilipuliza. Gari la dawa lilipita, gurudumu moja linalia. Pumzi ya mkewe iliingia, ikakwama, ikatoka. Anajikusanya, Fundi akajiambia. Anakusanya pumzi aseme. Nikimdakia sasa nitamharibia, itabidi aanze upya, na pumzi yenyewe anayo ndogo. Akala jiwe. Aliibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

Pumzi ikaingia. Ikatoka.

Mara moja alifungua mdomo. Palepale akasikia kama mlio mdogo upande wa pili, kama mtu anataka kuanza, naye akaufunga haraka. Hakikuwa kitu. Labda shuka.

Sista akagonga dirisha.

"Mzee," Dereva akasema taratibu, "zamu yangu."

"Haya, mama watoto," Fundi akasema kwenye simu. "Kesho."

Hakujua kama lilifika. Akatoa kitambaa.

Kesho haikufika. Walimwita asubuhi, kabla watu wa usafi hawajamaliza korido. Walimwita kwa jina lake kamili, bwana fulani, mume wa fulani, na Fundi akajua kabla hajaambiwa, kwa sababu hospitali ile kila mtu alimwita Fundi.

Sista alitoka kuzungumza naye. Alivua barakoa. Ilikuwa mara ya kwanza Fundi kuuona uso wake wote.

"Hakuteseka mwishoni," akasema. "Alilala."

"Ahsante, Sista."

"Na jana alifurahi sana, nikuambie ukweli. Mlipomaliza kuongea nilimkuta anatabasamu. Nikamwuliza, mama, leo mbona nimekuona kimya zamu nzima, simu imeharibika? Akaniambia haijaharibika. Akasema, mume wangu leo ameanza kusema mwenyewe. Ana habari. Basi nikamwachia. Miaka yote nimesema mimi."

Fundi akautazama ukuta nyuma ya Sista.

"Akasema, sijui nini kimemshika katikati, akanyamaza. Labda ananionea huruma. Labda kesho atamalizia." Sista akamgusa bega. "Ulikuwa na habari gani, mzee?"

Fundi akashika mfuko wa koti.

"Za nyumbani tu," akasema.

Walimzika. Binti alikuja, akalia, akapika, akafua, akafungua madirisha. Alilikuta gauni kwenye koti la baba yake. Alilinyoosha, akauona ule mkono. "Baba, nani kaliharibu hivi? Mama hakuwa hivi. Lete nilifumue." Fundi akamnyang'anya gauni bila kusema neno, na binti akaogopa, maana hakuwahi kunyang'anywa kitu na baba yake. Alipoondoka, gauni lilibaki juu ya cherehani.

Kisanduku cha pili kilikuja. Kilikuja mara tu baada ya matanga, ndani ya boksi lake, na wodi ilikuwa imehamishwa kwa muda ili ipigwe dawa. Injinia alimwambia asikifunge yeye, atatafutwa mwingine. Fundi akasema tundu ni langu, nitakifunga. Alipanda ngazi. Kitanda kilichokuwa chini yake kilikuwa kitupu, godoro limesimamishwa ukutani. Aliukunjua ule mkia, akaunganisha rangi kwa rangi, akakaza. Taa ikawaka kijani. Injinia akajaribu na simu yake kutoka ukumbini.

"Mzee, unanipata?"

"Nakupata."

"Safi sana. Sasa hata wakiongea wote kwa pamoja haitakatika. Hawatahitaji zamu tena."

Fundi alibaki juu ya ngazi. Chini pale ndipo mkewe alipokuwa amelala, macho juu, anautazama waya.

"Mwanangu," akasema kwenye simu. "Ile sauti iliyochelewa. Uliniambia inafutika."

"Ndiyo, mzee."

"Yote?"

Injinia hakujibu upesi. Na Fundi hakuweza kungoja jibu. Akasema, "Haya, haya, nashuka, nashuka," akaendelea kusema hivyo mpaka chini.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu hapo. Yule mtu wa kimya hakuweza tena kusikia kimya kwenye simu. Binti akimpigia, wakaanza pamoja, Fundi haachi. Anasema juu yake. Anasema mvua, anasema paka, anasema jana nilikula, leo sijala, huku binti naye anasema, maneno yote yanavunjika.

"Baba, siku hizi hunisikilizi. Ngoja basi nimalize."

"Nakusikia. Sema tu. Tuseme wote."

"Tutagongana, baba."

"Tugongane."

Binti akanyamaza, amechoka. Na huo unyamavu ukamfikia Fundi sikioni, na pumzi ya mtu ndani yake, ikiingia, ikitoka, pumzi iliyofanana kabisa na nyingine.

"Nimeshona mkono," akasema haraka. "Mama, nimeshona ule mkono, umetazama nyuma. Mashine ilikimbia kama mbuzi. Mtoto akilivaa atakuwa anajikuna mgongo. Umenisikia? Umetazama nyuma kabisa."

"Baba," binti akasema. "Baba, ni mimi."

Fundi akaiweka simu juu ya cherehani. Sauti ya binti ikaendelea kumwita ndani yake, ndogo, haikatiki hata kidogo. Mtu alipita na kitambaa kwapani, akapunguza mwendo mbele ya kibaraza, akaliona gauni, akamwona mzee. Akapita.